Upinde Nilioupiga Msasa

Nyie mnaonisoma mkiwa kwenye foleni ya benki, na nyie mnaongojea nimalize ili mfungie karanga ukurasa huu, nawasalimu wote kwa pamoja. Najua nusu yenu mnanunua gazeti ili mnicheke. Chekeni. Wiki hii nimewaletea sababu ya kutosha.

Aliyekosa yaliyopita asinisumbue, nasema mara moja tu. Mimi ni fundi wa samani. Mtaani wananiita Msasa, kwa kazi yangu na kwa ulimi wangu. Karakana nilifukuzwa kwa kumwambia bosi, mbele ya mteja, kwamba hajui tofauti ya mbao ngumu na boksi la viatu. Siku tisa baadaye mke wangu akafunga begi akaenda kwao.

Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akasema, "Nimechoka kuishi na mtu anayemdharau kila anayepumua. Mdharau mwiba, mguu huota tende." Miaka tisa ya ndoa, akanifungia kwa methali.

Kisha baba mkwe akanitumia ujumbe. Kikao Jumapili, saa nne asubuhi, nyumbani kwake. "Hapo ndipo itakapojulikana kama binti yangu anarudi kwako au harudi. Uje na la maana."

Na shemeji mnamkumbuka, kaka wa mke wangu. Niliwasimulia wiki ya tatu ya safu hii kwamba aliiba amana ya baba yake kabatini. Miaka miwili mzee hajamruhusu kukanyaga uani kwake. Amana hiyo ilikuwa nini, mzee hakumwambia mtu. "Aliyeichukua anaijua," alisema. "Siku atakapoitaja kwa jina lake, nitakuwa nimemshika." Sisi wote tulidhani ni pesa. Nanyi wasomaji mkaandika barua za kumtukana shemeji, na mimi nikazisoma kwa raha zangu.

Haya. Twende Jumatatu.

Nilikwenda kwa Bei Yako kutafuta bawaba. Bei Yako ni jina lake la mtaani. Ana kibanda cha vitu vilivyokwishatumika, na katika vyote hakuna anachokijua. Ukimwuliza hiki kiasi gani, anajibu "bei yako." Mtu ameuza vitu miaka kumi na tano na hajawahi kufikiri bei hata moja.

Nikainua macho. Juu ya kichwa chake mikoba ya kike ilikuwa imetundikwa kwa safu, kama kumi hivi, kwenye mti uliopinda, uliofungwa waya huku na huku.

"Hiyo uliyotundikia mikoba ni nini?" nikamwuliza.

"Hiyo? Fimbo ya kutundikia."

"Nani kakwambia ni fimbo ya kutundikia?"

"Si unaona imetundikiwa?"

Nikamtazama. Nikajiuliza mtu kama huyu huwa anarudije nyumbani bila kupotea.

Nikapanda kiti, nikatoa mikoba, nikafungua waya. Mikono yangu ikajua kabla ya kichwa. Zilikuwa mbao tano, nyeusi na nyekundu, zimebandikwa kwa gundi na huoni uzi wa nywele kati yake. Mgongoni na tumboni ilivikwa faiba nyembamba, rangi ya maziwa. Katikati mshiko wa ngozi nyeusi. Na ncha zote mbili zilijikunja kwenda mbele, kama vidole vya mtu anayejinyoosha.

Ulikuwa upinde. Si wa kuwindia sungura. Ni upinde wa mchezo, wa wale wanaolenga shabaha kwa pointi. Na aliyeutengeneza alikuwa fundi, si kama hawa wapigilia misumari tulio nao siku hizi.

Juu kidogo ya ile ngozi kulikuwa na maandishi ya wino, madogo, ya mkono. Tarakimu, herufi mbili tatu, na mchoro wa kisamaki. Nikiri mapema: niliyaona. Nikasema moyoni, mpuuzi gani huyu kachorachora kwenye mbao nzuri namna hii?

"Umeutoa wapi?"

"Kwa mchukua vyuma chakavu. Uko hapo huu mwaka wa pili."

"Kiasi gani?"

"Bei yako."

Nikampa bei ya soda mbili. Akanishukuru! Akanipa na bawaba bure. Nikaondoka nacheka peke yangu njiani, nikipanga maneno ya Jumapili. Nitauza upinde huu kwa bei ya kueleweka, nitaingia kwenye kikao kile mfuko umejaa, na nitawaambia: mnaona? Mimi naona dhahabu pale mnapotundika mikoba. Mke wangu atachukua begi lake mwenyewe.

Jumanne mchana shemeji akaja. Huja kila siku, simu mkononi, kuniletea habari za dada yake kama nimemtuma. Anauza makava ya simu pembeni ya kituo. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, kuvisha simu nguo.

Alinikuta uani natia uzi. Nilikuwa nimekanyaga ncha moja ya upinde, nyingine nimeivuta kwangu, upinde mzima umekuwa kama mpini wa ndoo.

"Shemeji," akasema, "umeukunja kinyume."

"Kinyume cha nini?"

"Hizo ncha zinatakiwa zitazame mbele, mbali na wewe. Wewe umezirudisha kwako. Utavunjika."

"Umejulia wapi?"

Akanionyesha simu. "Hapa. Tazama picha hii."

"Simu ileile iliyokwambia kitunguu kinaotesha nywele?"

Akashika kipara chake akacheka. Ndivyo alivyo. Unamtukana, anacheka. Mimi mtu asiyekasirika simwamini.

Nikavuta zaidi ili nimwonyeshe. Upinde ukalia "ka!", mlio mdogo, mkavu. Nikauachia. Si kwa sababu yake. Mkono ulichoka.

Shemeji akauokota, akaugeuza kwa vidole viwili kama mtoto mchanga. "Na shemeji, usiusafishe. Wanasema kitu cha zamani kikisafishwa kabla hakijaonwa na anayekijua, thamani yake inaondoka. Haya maandishi ndiyo yanayosema umetengenezwa na nani, lini, na una nguvu kiasi gani."

"Wanasema. Hao wanaosema wameshawahi kushika randa?"

"Sijui, shemeji."

"Basi kunywa chai uende."

Akanywa. Wakati wa kuaga akasema ameulizia kwa watu. Yuko kocha wa mchezo huo, kwenye uwanja ulio nyuma ya chuo cha ufundi, na Jumamosi asubuhi huwepo. "Yeye atakwambia thamani yake ya kweli," akasema. Sikumshukuru. Mtu anayekutafutia kitu bila kuombwa anatafuta sifa.

Jumatano nikatoa msasa.

Niwaulize, fundi wa miaka ishirini na mbili aende kuuza kitu kikiwa na alama za waya, jasho la watu na uchafu wa mikoba? Nikaanza na msasa mkali, nikaja wa kati, nikamaliza na ule laini wa maji. Maandishi yakatoka kwa kupitisha mkono mara nne. Kisamaki kikawa cha mwisho. Alhamisi nikapaka vanishi, mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine. Ulipokauka ungeweza kunyolea ndevu kwa kujitazama humo.

Vumbi likanipanda kifuani. Nikakohoa siku mbili, kikohozi changu kile cha kazi, kikavu mara mbili na cha tatu kirefu kama mlango usiotiwa mafuta. Mke wangu alikuwa ananifunga kitambaa puani kwa nguvu, huku nikimtukana. Alhamisi ile nilikitafuta kitambaa nikakikuta nyuma ya mlango, kimefuliwa, kimekunjwa. Nilikaa chini. Nilimtaka arudi, jamani. Nalisema hivyohivyo lilivyo: nilimtaka mke wangu.

Ijumaa shemeji akaja. Akauona upinde mezani. Akapapasa pale palipokuwa na maandishi.

"Umeupiga msasa," akasema.

"Unang'aa au haung'ai?"

"Unang'aa."

"Basi."

Akakaa kwenye kigoda. Mara hii hakutoa simu. "Kesho asubuhi nakwenda kwa mzee," akasema.

"Wewe? Si alikukataza?"

"Nitakaa hata nje ya geti. Nataka nikakuombee. Dada hali vizuri, shemeji. Anataka kurudi, ila anataka kusikia neno moja la kiungwana kutoka kwako. Nikimlainisha mzee kesho, Jumapili inaweza kuwa nyepesi."

"Na wewe nani atakuombea?"

Akacheka. "Mimi nimeshazoea."

Nikamwona mjinga. Mtu ananyimwa maji kwao, halafu anakwenda kumwombea mwenzake mkate! Nikamwambia asichelewe kuondoka, nina kazi.

Jumamosi saa tatu nilikuwa uwanjani, nimevaa shati la kikao, upinde nimeuvingirisha kwenye shuka safi. Shabaha nne za majani makavu zimesimama ukutani. Mwanamke wa makamo, mfupi, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya kisogo, alikuwa anang'oa mishale na kuitia ndooni.

"Mama, kocha yuko wapi?"

"Unazungumza naye."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Nimeleta upinde," nikasema. "Wa marehemu babu yangu. Alikuwa bingwa. Nataka tu nijue thamani yake, siyo kwamba nina shida."

Hiyo ya babu niliitunga hapohapo. Babu yangu aliuza mkaa na hakuwahi kulenga kitu chochote maishani. Lakini nilijua watu: kitu chenye marehemu bei yake hupanda.

Nikafunua shuka. Uso wa yule mama ukabadilika. Akaweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye sketi.

"Naomba," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kushika mtoto.

Akaugusa nchani kwanza. "Hii ni pembe ya ng'ombe. Unaona? Kipande cha pembe kila ncha. Ni fundi mmoja tu aliyekuwa akifanya hivi. Alifariki zamani. Alitengeneza arobaini tu maisha yake yote."

Arobaini tu! Moyo wangu ukaanza kuhesabu.

"Na mbao zake tano, ndiyo, tano. Kaka yangu, umebeba nini wewe!" Macho yake yalikuwa yamelowa. "Mara ya mwisho nimeona wa aina hii, mtu wa makumbusho aliununua kwa bei ya pikipiki mbili mpya. Na kofia zake."

Nikamwona mke wangu anashuka ngazi za kwao na begi. Nikamwona baba mkwe hana la kusema. Nikamwona hata bosi wa karakana, sijui alifuata nini humo.

"Samaki yuko wapi?" akauliza kocha.

"Samaki gani?"

"Yule fundi aliandika juu kidogo ya ngozi. Namba ya upinde, urefu, nguvu ya kuvuta, na chini yake kisamaki. Kila upinde. Ndiyo ushahidi wake. Bila hivyo mtu yeyote anaweza kubandika pembe akasema ni wake." Akauinamisha kwenye mwanga. "Hapa. Palikuwa hapa."

Nikakohoa.

Akapitisha kidole. Kidole kikashika. Akakinusa. "Hii vanishi ni ya lini?"

"Ya babu."

"Babu yako kapaka juzi? Bado inanata."

Ebo! Nimekutana na mafundi, wakuu wa karakana, wakaguzi, hakuna aliyewahi kuninyamazisha kwa kidole.

Akatoa pamba mfukoni, akaipitisha taratibu toka ncha hadi ncha. Karibu na mkunjo wa chini pamba ikanasa nyuzi mbili. "Faiba imepasuka hapa. Umejaribu kuukunja kinyume?"

"Ni shemeji," nikasema. Lilitoka lenyewe.

Akafumba jicho moja, akautazama kwa urefu wake, kama mimi ninavyotazama ubao kama umenyooka. Haukuwa umenyooka. Akakaa kwenye benchi, akauweka mapajani, akaupapasa kama mgonjwa. Angenitukana ningejua la kumjibu.

"Kaka," akasema mwishowe, "juzi ulikuwa na pikipiki mbili. Leo una pambo. Aliyepiga msasa huyu ni fundi kweli, mkono wake mzuri, hakuacha hata nukta. Angekuwa fundi mbovu ungekuwa tajiri."

Ndiyo sifa pekee niliyopewa mwaka huu.

"Hakuna namna?" nikauliza. Sauti yangu sikuipenda.

"Kuna mahali pamoja msasa haukufika." Akagonga mshiko kwa ukucha. "Yule mzee alikuwa na desturi yake. Vipimo aliandika nje. Jina la mwenye upinde aliliandika kwenye mti, ndipo akaufunika kwa ngozi. Alisema upinde hupimwa kwa mkono wa mtu mmoja, na mtu asiuze cha mwenzake. Tukilipata jina la babu yako humu, na alikuwa bingwa kama unavyosema, thamani itarudi. Si yote, lakini itarudi."

Fikirini hali yangu. Nilitaka jina liwepo, na nilitaka lisiwepo. Nikasema, "Fungua."

Akapasha kisu kidogo kwenye chupa ya chai ya moto, akakitia kwenye mshono. Ngozi ikaachia polepole. Chini yake mti ulikuwa mwekundu bado, haujawahi kuguswa na jua, na juu yake maandishi ya penseli, safi kama ya jana.

Akasoma kwa sauti. Majina matatu.

Nayajua hayo majina. Yapo kwenye cheti changu cha ndoa, kwenye mstari wa baba wa bibi harusi.

Sasa niwaambie nililowaficha tangu wiki ya tatu. Miaka miwili iliyopita mzee alinipa kabati lake nilitengeneze milango. Shemeji ndiye aliyenifungulia, ufunguo ulikuwa kwake. Nyuma ya makoti kulikuwa na kitu kirefu kwenye shuka kuukuu, kimefungwa kamba sehemu tatu. Sikukifungua. Nilikipapasa tu, nikaona ni fito, nikasema wazee kwa kutunza takataka hawajambo. Mchukua vyuma alikuwa anapita. Nikampa, pamoja na bawaba zilizokatika.

Mzee alipolilia amana, nililikumbuka lile shuka. Nikajiambia amana haifungwi kwenye shuka kuukuu. Wakaniuliza. Nikajibu, "Ulizeni mwenye ufunguo."

Maneno matatu. Ndiyo yaliyomtoa shemeji kwao. Kwa hiyo zile barua zenu za matusi zina anwani ya mtu mwingine. Nitumieni mimi.

"Huyu ni mwalimu wangu," kocha alikuwa anasema. "Ndiye aliyenifundisha kushika upinde. Aliacha bega lilipovunjika, akauweka, hakuutaja tena hata kwa wanawe. Na yuko hai. Babu yako marehemu yuko hai, kaka, na hana mjukuu mwenye mvi."

Nikaanza kukunja shuka langu.

"Aliniambia umechukuliwa. Alisema ni mtu wa nyumbani. Alisema hajamtajia mtu mwingine ni kitu gani, anamngoja mwenyewe ajitaje." Akanitazama juu ya miwani. "Nawe umekuja asubuhi hii ukasema, nimeleta upinde."

Akachukua simu, akabonyeza, akaiweka kwenye benchi ikiwa kwenye spika, kwa sababu upinde hakutaka kuuachia. Ningekimbia. Ila upinde ulikuwa mikononi mwake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Sauti yako imekaaje leo?"

"Mwalimu, ile amana yako ipo mikononi mwangu."

Nikasikia mzee anavuta pumzi.

"Nzima?"

"Imeumia. Lakini jina lako lipo."

"Aliyeileta yupo hapo?"

"Yupo."

"Mwulize ni nani."

Kocha akanigeukia. "Mwalimu anauliza wewe ni nani."

Hapa ndipo mtu mwingine angesema kweli. Kikao ni kesho. Neno moja la kiungwana, shemeji alisema, ndilo mke wangu analotaka. Lilikuwa hapo mdomoni. Nikafikiri: nikijitaja mimi, mke hanirudii milele. Na kuna mtu amebeba mzigo huu miaka miwili, mgongo wake umeshazoea, alisema mwenyewe. Akiongezewa na huu hata hatausikia.

"Mwambie ni mwanawe," nikanong'ona. Nikataja jina la shemeji. Lote.

Kocha akalirudia kwenye simu.

Upande wa pili kijiko kiligonga kikombe, kikanyamaza.

"Sema tena, nimeiweka kwenye spika," mzee akasema.

Akasema tena.

"Huyo unayemtaja," mzee akasema polepole, "amekaa hapa mbele yangu. Alikuwa nje ya geti tangu alfajiri, nimekwenda kumfungulia mwenyewe. Anakunywa chai. Amekuja kumwombea mtu."

Vumbi la Jumatano likanipanda kooni. Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Thubutu! Kikohozi kikatoka kikavu mara mbili, na cha tatu kikajivuta kirefu hadi mwisho.

Kule kwenye simu kiti kikaburutwa.

"Baba, nipe mimi hiyo simu," ikasema sauti ninayoijua. "Kikohozi hicho nimelala nacho miaka tisa."

Kocha akaiinua simu kwenye benchi, akaninyooshea. Sikuipokea. Akaishikilia mbele ya mdomo wangu.

"Haya, mume wangu," akasema mke wangu. "Litaje tena jina lako, kaka yangu asikie."